Mpima Mashapo wa Jericho

Nilimfahamu kwa kofi kabla sijamfahamu kwa salamu. Kofi lenyewe halikunipata mimi. Lilimpata mwenye mkokoteni mmoja aliyekuja kumwaga vifusi vya ujenzi kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba zetu pale mtaa wa Jericho, Nairobi, mchana kweupe, huku akipiga mluzi. Jirani yangu mpya, aliyekuwa na siku tatu tu kwenye mstari wetu wa nyumba, alitoka na kikoi na fulana, akamzaba mtu yule kofi moja lililong'oa jino. Kisha akainama, akalitafuta lile jino vumbini, akalisuuza kwenye ndoo yangu, akalifunga kwa kipande cha gazeti na kumkabidhi mwenyewe.

"Chukua mali yako," alimwambia, "nami niachie mtaro wangu."

Maji ya ndoo ile nilikuwa nimeyatenga kwa ugali. Nilimtukana mpaka nikaishiwa pumzi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Shikamoo, mama," ilhali mimi ndiye niliyekuwa mdogo, akaingia ndani.

Mtaa ulimwita Mpimaji, nami nitamwita hivyo hivyo. Maisha yake yote ya kazi alipima mto wa kwao huko pwani, akiwa mwajiriwa wa idara ya maji, na alipokuja kwetu alikuwa hapimi tena kwa mshahara bali kwa ukaidi. Amekwisha kuondoka Jericho, mlango wake una kufuli la mtu mwingine, na mpaka leo sijui kama namkumbuka au nina hasira naye. Nafikiri ni yote mawili, tena kwa wakati mmoja.

Dirishani kwake kulikuwa na chupa za soda, zile za kioo, zimepangwa kwa mstari. Moja ina maji ya mto unaopita Mukuru kwa Reuben, nyingine maji ya mtaro wetu, na nyingine nyingi za mto wa kwao alizotumiwa kwa basi na dada yake, Bi Mwanaisha. Aliziacha zitulie siku tatu. Kile kilichozama chini, alinifundisha, ndicho mashapo: udongo, mchanga na vumbi laini ambalo maji hulibeba yakiwa na nguvu na kulitua yakichoka. Alifunga uzi mwekundu pale mashapo yalipofikia, akaandika kwenye daftari. Ole wake aliyezitikisa. Fundi wa umeme alizigusa kwa kiwiko akashuka ngazi kwa mgongo.

"Mto una kazi mbili, Mama Nekesa," aliniambia. "Kubeba na kutua. Ukiunyima moja, umeuua."

Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule sokoni Jericho, na mito kwangu ilikuwa kitu cha kuvuka. Lakini yeye alikuwa na kipaji cha kukuwekea jambo lake kichwani hata kama hukulitaka. Kwao ni pale mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, pale panapoitwa delta. Ardhi yote ya pale, mashamba ya mpunga, minazi, hata sakafu ya msikiti, ni mashapo yaliyoletwa na mto tangu enzi na enzi. Kila mwaka bahari inakula kidogo, kila mwaka mto unarudisha kidogo, na watu wanaishi katikati ya ugomvi huo. Kisha kampuni moja ya mpunga, ambayo sasa imekufa, ikajenga ukuta juu kidogo ya delta ili ipate bwawa la kumwagilia. Maji yakapita. Matope yakabaki nyuma ya ukuta. Bahari ikaendelea kula na hakuna aliyerudisha.

Nilimuuliza siku moja kwa nini analichukia lile bwawa kama mtu. Alikuwa akimenya viazi. Akanisimulia jinsi bahari ilivyofika makaburini kwao, ikachimba kwa chini, na jinsi yeye na Bi Mwanaisha walivyoshuka maji yalipotoka, na kitambaa cheupe, kuokota mifupa ya mama yao kwenye mchanga. Waliokota siku mbili. Mingine hawakuiona. Alilia waziwazi na kisu mkononi, nami nikalia, na viazi vile havikupikwa.

Kazini kwake aliandika kila mwezi kwamba matope yamepanda na delta inakufa. Bosi hakujibu. Asubuhi moja Mpimaji alinunua mahamri kwa mama mmoja karibu na ofisi, akafungiwa ndani ya karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe. Zilikuwa ripoti zake za miezi yote, bosi amezigawa kwa wachuuzi wafungie vitafunio. Alikula mahamri yake yote kwa utulivu, akaenda, akamshika bosi kwenye kola na kumtupa bwawani. Kisa hiki nilikisikia mara nyingi na hakikufanana hata mara mbili. Mara bosi alizama mpaka kiunoni, mara mpaka shingoni, na siku za mfungo, alasiri, bosi alikuwa karibu kufa. Lililokuwa halibadiliki ni kwamba alifukuzwa kazi, na kwamba hakujuta.

Usifikiri alikuwa mtu wa kupiga tu. Wakora walipomkaba mume wangu karibu na reli, akitoka zamu, ni Mpimaji aliyesikia kelele. Aliwaingilia watatu kwa mikono mitupu. Mmoja alimchana bega kwa kisu, naye akamng'ata mkono mpaka kisu kikaanguka, kisha akambeba mume wangu mgongoni hadi zahanati huku damu zao wawili zikichanganyika kwenye fulana ile ile. Kama si yeye ningekuwa mjane. Na mtu huyu huyu hakuweza kuchinja kuku. Kuku wake wa Idi alimpeleka kwa imamu akiwa amemfunika macho kwa leso, na alipoletewa nyama alikula mchuzi peke yake. Nilimcheka. "Damu ya mwenye hatia siiogopi," alisema. "Huyu kuku amenikosea nini?"

Tulipomwambia hasira hasara, alikasirika. Lakini ukimwona akimimina maji kwenye chupa, tone kwa tone, amezuia pumzi, ungedhani ni mtu mwingine. "Haraka haraka haina baraka," alinong'ona, na alikuwa akiyaambia maji.

Sasa niseme la mkono, maana nikilipita nitakuwa mwongo.

Alikuwa na mwana mmoja, Athumani, aliyekuwa akimaliza kidato cha nne. Mama yake aliondoka mapema, na ukiyajua makofi ya nyumba ile huulizi kwa nini. Athumani alikuwa mpole, mcheshi, anapenda mashine. Siku moja, wenzake wapo na kiu imewashika, alichukua chupa tisa za dirishani, akamwaga kilichokuwemo, akazipeleka kioski kubadilishia soda. Kwa kijana wa Jericho chupa tupu ni soda nusu, kila mtu analijua hilo. Hakujua kwamba amemwaga mwaka mzima wa mto wa baba yake.

Mpimaji alirudi, akaona dirisha. Alichukua ule ubao wake wa zamani wa kupimia kina cha maji, mrefu kumshinda yeye, wenye alama za futi kwa rangi nyeusi, akauvunja katikati ili apate kipande kinachoshikika. Mimi nilikuwa kwenye cherehani upande wa pili wa ukuta. Nilisikia pigo la kwanza, la pili, la tano. Niliendelea kukanyaga cherehani. Nikajiambia ni mtoto wake, anamfunza, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu na huyu hana mama hapa. Nilishona mkono mzima wa sare nikisikiliza. Kisha kilio kikabadilika, kikawa si kilio cha mtu anayepigwa bali cha mtu aliyevunjika, na ndipo nilipoinuka. Nilimkuta kijana chini, kiwiko kimeangalia upande ambao viwiko haviangalii, na baba yake bado ameinua ubao. Nilimpiga Mpimaji kwa sufuria kichwani. Nilimpiga mara mbili, na ya pili haikuwa ya lazima. Tulikuwa watatu mle ndani, wawili wanavuja damu na mmoja ameshika sufuria, na bado naona aibu kwa ule mkono wa sare niliokwisha kuushona.

Mkono wa Athumani uliunganishwa vibaya. Haunyooki hadi leo. Aliporudi kuchukua nguo zake, baba yake alisimama mlangoni na bandeji kichwani. Nilidhani ataomba msamaha. Alisema, "Ukitoka hapa, radhi yangu huna."

Kwa watu wake hilo si neno dogo. Radhi ni ile ruhusa ya moyo ambayo mzazi humpa mwanawe, na asiyekuwa nayo, wanasema, hata akichimba kisima atakuta mwamba. Mtoto ndiye huomba, mzazi ndiye hutoa au hunyima. Athumani hakuomba. Alikwenda Mukuru kwa Reuben, akabeba mizigo viwandani kwa mkono mmoja na nusu, akajifunza kuendesha mashine, akawa dereva wa tingatinga. Mimi nilikuwa na namba yake. Nilimshonea suti ya harusi, mkono wa kushoto nikiukata mfupi na wenye upinde, ufuate kiwiko chake. Baba hakuuliza, nami sikumwambia. Miaka kumi na miwili ilipita hivyo.

Mwaka huu Bi Mwanaisha akapiga simu na habari njema. Ule ukuta umepasuka, kampuni haipo, imeamuliwa bwawa livunjwe. Mpimaji alipika pilau sufuria kubwa, akagawa mlango kwa mlango, akaimba. Alinishika mikono. "Mto utarudi kutua, Mama Nekesa. Wajukuu wa dada yangu watalima pale tulipookota mifupa." Sikuwahi kumwona hivyo. Nilifurahi kwa ajili yake, nalisema wazi.

Siku nne baadaye simu ya pili. Alipoimaliza alikaa chini kwenye kizingiti. Mkandarasi amepanga kuangusha ukuta wote kwa siku tatu, sasa hivi, kiangazi, na kazi inaanza Jumatatu.

Sikuelewa. Si ndicho alichokitaka? Akanichukua hadi mtaroni, akazuia maji kwa kibao, akaacha matope yajae nyuma yake, na upande wa chini akapanda vijiti vya kiberiti. "Hii ni mikoko, hii mpunga, hiki kisima cha dada yangu." Akang'oa kibao mara moja. Matope yakashuka kwa uzito wake, yakalala juu ya vijiti vyote, na maji yaliyobaki hayakuwa na nguvu ya kuyasukuma mbele. Akaanza upya. Safari hii alikata ncha ya kibao kidogo kidogo, akisubiri, akiongeza maji kwa kopo kama mvua. Matope yakapita taratibu, yakajitandaza, vijiti vikabaki vimesimama.

"Tope ni uhai," alisema. "Lakini hata maziwa ya mama, ukimmiminia mtoto jagi zima puani, umemuua. Yale yaliyolala pale nyuma ya ukuta yakishuka yote kiangazi, kijiji cha dada yangu kimezikwa. Watu wapo mle, Mama Nekesa. Watoto wanacheza kwenye ile mifereji."

Alikwenda kwa mkandarasi, Industrial Area, akiwa na madaftari yake. Akarudi na shati limechanika na daftari moja pungufu. Sikumuuliza nani alianza.

Bi Mwanaisha alikuwa amemwambia jambo jingine, na alilificha siku mbili nzima kabla ya kulisema. Dereva wa tingatinga litakalovunja ukuta alipita kijijini kumwamkia shangazi yake. Ni Athumani. Amerudi Nairobi mara moja kuiona familia yake, na Jumapili jioni anapanda basi.

"Yuko wapi?" aliniuliza. Alijua kwamba najua.

Tulikwenda Pipeline, mtaa alikohamia Athumani, Jumapili hiyo asubuhi. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akabeba halua kwenye karatasi. Ghorofa ni la saba, ngazi nyembamba, nguo zimeanikwa kila upande na maji yanatudondokea kichwani. Kila baada ya ghorofa mbili alisimama kupumua, nami nikamwambia, "Mzee, leo mikono iache mfukoni."

"Kanzu hii ina mifuko," alisema.

Mke wa Athumani alikuwa ameenda kanisani na mtoto. Athumani mwenyewe alikuwa mlangoni, anapiga deki veranda, suruali ameikunja. Amenenepa, ana mvi mbili tatu tayari. Aliniona mimi kwanza, akatabasamu. Kisha akaona kanzu nyuma yangu.

"Mama Nekesa, umeniletea nani?"

"Athumani," alisema Mpimaji. Alijinyoosha kama mtu anayetoa hotuba, na nikajua hapo hapo kwamba ameshakosea. "Mwanangu, nimekuja kukupa radhi yangu."

Athumani alicheka, kicheko kibaya. "Radhi? Miaka kumi na mbili nimeishi bila hiyo radhi na sijadedi. Leo ndio umeikumbuka? Wacha nikuambie, Buda. Umekuja kwa vile unataka kitu."

"Nataka, ndiyo," alisema Mpimaji. Kwa hilo nampa haki yake, hakudanganya. "Ule ukuta usiuangushe wote. Shangazi yako yuko chini yake. Mimi naujua, nimeupima, sikiliza nikuonyeshe." Na katika ile haraka ya maneno akamshika mwanawe mkono, pale pale kwenye kiwiko.

Athumani alimpiga ngumi ya mdomo. Sikuiona ikitoka. Nilisikia tu, kisha mzee alikuwa ameanguka kwenye chuma cha veranda, halua imetapakaa, kanzu ina damu kifuani. Athumani alimwinua kwa kola akampiga tena, na tena, na alikuwa akilia. "Tisa!" alipiga kelele. "Zilikuwa chupa tisa tu! Chupa za soda!"

Milango ikafunguka. Nilijitupa katikati nikamshika Athumani kiunoni, na nilikuwa nimeshaokota ndoo ili nimpige nayo. Mpimaji akainua mkono. Si wa kupiga.

"Mwache, Mama Nekesa. Ana haki yake."

Akajaribu kusimama, miguu ikakataa, akabaki amepiga magoti kwenye maji ya deki. Alitema damu pembeni, kwa adabu, mbali na mlango wa watu. Mdomo ulikuwa umeanza kuvimba na maneno yakatoka yamekatika.

"Radhi huombwa na mtoto," alisema. "Leo naomba mimi. Nilikuvunja, na nilikuwa najua ninachokivunja. Niwie radhi, Athumani."

Katika miaka yote sikuwahi kumsikia mtu huyo akiomba hata chumvi.

"Sina," alisema Athumani. "Naitafuta hapa ndani na sina. Mungu ananiona, siwezi kukupa."

"Sawa," alisema mzee. Akafuta mdomo kwa kanzu. "Sawa. Basi tuongee ukuta."

Athumani aliangalia ukuta wa ghorofa la mbele, ulio karibu kiasi cha kugusa. "Mimi ni dere tu," alisema hatimaye. "Nikienda polepole, bosi ananitoa kwa mashine anaweka mwingine. Atamwangusha huyo shangazi na ukuta wake wote kwa siku tatu zile zile."

"Bosi wako anapenda nini?"

"Mashine yake tu."

"Basi mwambie hivi. Chini ya lile bwawa hapana ardhi ngumu, ni tope mpaka mita nane, nimelipima mimi kwa mkono wangu. Ukuta ukianguka wote, tope linakimbia, na ukingo linaposimama tingatinga unakimbia nalo. Mashine inazama na wewe ndani yake. Hilo si uongo. Usimwambie habari za watu, mwambie habari za mashine."

Mpimaji alichovya kidole kwenye maji ya sakafuni, ambayo sasa yalikuwa na damu yake, akachora mstari kwenye saruji kavu karibu na kizingiti. Mkono wake ulikuwa imara kabisa. "Huu ndio ukuta. Anza huku kulia, kwenye mwamba, ndiko pekee kwenye ardhi ngumu. Kata futi moja. Futi moja tu, kisha zima mashine, shuka chini utazame maji. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni sawa. Yakiwa uji, simama, hata siku tatu, mpaka yarudi kuwa chai. Ukifika nusu acha. Nusu ya chini ni ya mvua, mto wenyewe utaimaliza."

Kidole kilikauka, akakichovya tena. Nilitaka kumwinua nimpeleke zahanati, jino moja lilikuwa linaning'inia, lakini sikuthubutu. Mstari wa kwanza ulikuwa umeanza kufutika kwa jua.

Athumani aliukuna ule mkono wake. Kisha akachuchumaa mbele ya baba yake, hatua moja mbali.

"Rudia hapo pa kwanza," alisema. "Na usiniguse."